SOMO: Namna ya kusajili ruti za magari ya taka mpaka ujue mzigo wa dampo umetoka mtaa gani (mfano Kigoma mjini)

Salaam ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Watu wengi wananiuliza tulifanyaje mpaka sasa hivi lori likifika dampo tunaweza kusema huu mzigo nusu ni wa sokoni na nusu ni wa majumbani, nimeona niandike yote sehemu moja ili hata kikundi cha usafi cha mtaani ambacho hakina hela ya mradi kiweze kuanza kesho asubuhi. Vitu vyenyewe ni simu moja, kaunta buku, ndoo ya lita 20, mzani wa kuning'iniza kama ule wa kupimia dagaa, na watu wawili wasiochoka haraka.

Kwanini nahangaika na hili? Kigoma Ujiji tumeshavuka watu laki mbili. Benki ya Dunia mwaka 2018 ilitoa wastani wa Afrika kusini mwa Sahara kwamba mtu mmoja anazalisha kilo 0.46 za taka kwa siku, sasa zidisha kwa watu laki mbili tu unapata tani 92 kila siku ya Mungu. Ukiuliza izo tani zinatoka wapi utaambiwa "sokoni" au "huko Mwanga", basi, imeisha. Wa Ujiji anasema wa Mwanga ndo wachafu, wa Mwanga anasema ni wavuvi, alafu gari la ziada likipatikana linapelekwa kwa anayepiga kelele zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka kazi ya taka ngumu mikononi mwa halmashauri, sawa, lakini halmashauri itapanga vipi kitu ambacho hakijaandikwa popote? Hilo linaniuma sana na ndo maana naandika kwa urefu.

HATUA YA 1: Ruhusa

Nenda kwa mtendaji wa kata akupe barua, peleka ofisi ya usafi na mazingira ya manispaa, alafu kaa na wenyeviti wa mitaa uwaeleze kwa mdomo. Usiruke wenyeviti. Mtu akiona unapiga picha kizimba cha taka bila kujua wewe ni nani atadhani unatafuta wa kumpiga faini.

HATUA YA 2: Panda gari

Usilifuate lori na bodaboda, panda. Siku ya kwanza kaa mbele na dereva, siku ya pili simama nyuma na utingo, maana dereva anajua barabara lakini utingo ndo anajua taka. Mimi siku ya pili ndo nilielewa. Tulisimama chini ya mwembe mmoja ambapo kwenye karatasi za ofisini hakuna kituo chochote, utingo akashuka kimya kimya akarudi na viroba vinne vimefungwa kamba za mgomba, nikamuuliza hivi vya nani, akasema vya mama ntilie watatu wa hapo nyuma, cha kwanza ni majivu na mkaa, hivi viwili ni maganda ya ndizi na viazi, hicho cha mwisho usikishike kwa mkono kina chupa zilizovunjika. Alikuwa hajafungua hata kimoja. Kituo kama hicho usipopanda gari huwezi kukiona mpaka unazeeka.

Simu yako iwe na programu ya kurekodi njia, mimi natumia OsmAnd kwa sababu ni ya bure na inarekodi hata bila bando, unapakua ramani mara moja tu ukiwa na intaneti nzuri. Washa GPS kabla gari halijatoka, iweke simu karibu na kioo cha mbele, na kila gari linaposimama kupakia weka alama na uandike neno moja: nyumba, soko, shule, mwalo (pale wavuvi wanaposhusha samaki), mgahawa. Beba pawabanki, kurekodi kunakula chaji.

Fanya hivyo angalau mara tatu kwa kila ruti na moja kati ya hizo iwe siku ya mvua. Mji wetu una vilima na makorongo, mvua zikianza Oktoba mpaka huko Mei kuna barabara za udongo lori halipandi, dereva anageuza njia na watu wa juu wanabaki na taka zao. Kwaiyo ruti moja ina sura mbili, ya kiangazi na ya masika, zisajili zote mbili.

HATUA YA 3: Ipe ruti kodi yake (alama ya kuitambulisha, sio kodi ya kulipa)

Hapa nilikosea vibaya naomba msirudie. Mwanzoni tuliandika "Mwanga" tu, na tunazo kata mbili, Mwanga Kaskazini na Mwanga Kusini, miezi miwili ya kuandika kila siku ikawa haina kazi kwasababu hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Sasa tunaandika herufi tatu za kata, namba ya ruti na herufi ya msimu. MKZ-01-K ni Mwanga Kaskazini ruti ya kwanza ya kiangazi, MKS-01-M ni Mwanga Kusini ya masika, GUN-02-K ni Gungu ruti ya pili. Kodi ikishatolewa isibadilishwe hata gari likibadilika. Ruti ni njia na watu wake, gari ni chombo tu.

HATUA YA 4: Ramani

Hamisha faili la njia (linaishia na GPX) kwenye kompyuta, lifungue kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, nayo ya bure, na kila ruti ipe rangi yake. Hata usipokuwa na kompyuta chora kwa mkono kwenye karatasi kubwa na ubandike ofisi ya mtaa, watu watakusahihisha wenyewe. Cha muhimu kila kituo kiwe na namba na kijulikane kipo mtaa gani.

HATUA YA 5: Pima boksi la gari na pima ndoo

Hii ndo roho ya kazi yote, twende taratibu.

Chukua futi, pima boksi la lori kwa ndani, urefu, upana, kimo. Tuseme ni mita 3.6 kwa 2 kwa 1, hiyo ni mita za ujazo 7.2. Alafu kwa rangi nyeupe chora ndani ya boksi mistari mitatu, robo, nusu, robo tatu. Ile mistari ndo mizani yenu.

Sasa ndoo. Jaza taka kwenye ndoo ya lita 20 bila kushindilia, pima, toa uzito wa ndoo tupu. Fanya ndoo kumi kwa kila aina ya taka alafu tafuta wastani. Ndoo 50 za lita 20 ndo mita moja ya ujazo, kwaiyo kama wastani wa majumbani umekuja kilo 7, zidisha 50, mita moja ina kilo 350. Lori likija limejaa robo tatu maana yake ni mita 5.4, mara 350, ni kilo 1,890. Za sokoni zenye mboga zilizooza ndoo inaweza kufika kilo 10, hapo mita moja ni kilo 500 na lori lilelile robo tatu ni kilo 2,700. Umeona tofauti? Ukitumia uzito mmoja kwa taka zote umeshawaonea watu fulani. Na siku mvua imenyesha pima ndoo upya, taka zinanyonya maji na maji nayo yana uzito.

Lori likipita mitaa mitatu, utingo anasoma mstari kila linapoondoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Limetoka mtaa wa kwanza likiwa robo, wa pili likiwa robo tatu, basi wa pili umetoa robo mbili. Taka za chini zinashuka kadri gari linavyotikisika kwaiyo mitaa inayofuata inaonekana imetoa kidogo kuliko ukweli, sisi tunarekebisha kwa kuhesabu pia viroba, na mara moja kwa wiki tunageuza ruti, gari linaanzia mwisho.

HATUA YA 6: Daftari la getini

Dampo kwetu ni kule Msimba. Getini kuwe na kaunta buku lenye mistari hii tu: tarehe, saa, namba ya gari, kodi ya ruti, robo ngapi, aina kuu ya taka, mvua ndiyo au hapana. Ukiongeza vitu kumi na tano mlinzi hataandika, ataanza kubuni. Wenye simu janja watumie KoboToolbox, fomu inajazwa bila mtandao na inajituma yenyewe ukiupata, lakini daftari libaki, simu zinaibiwa na kuzimika.

Weka alama Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile siku ya usafi. Mzigo unapanda sana na ukichanganya na siku za kawaida unaharibu wastani.

Na ongea na waokota chupa. Kuna mama pale akiangalia lundo dakika moja anakwambia hili la mwaloni, ona magamba na vumbi la dagaa, hili la sokoni ona majani ya kabichi. Dereva akiandikisha kodi ya uongo wao ndo wanajua wa kwanza.

Mwisho wa mwezi jumlisha kilo kwa kila kodi, gawa kwa idadi ya kaya za ruti hiyo, bandika ofisi ya mtaa. Kazi imeisha hapo. Karibuni maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mdau wa Kibirizi): Kaka asante kwa somo ila mlikuja kupima kwetu wiki moja mkasema mwalo unatoa taka kidogo, sisi tunaoamka nazo tunaona nyingi sana, mlihesabu vipi?

Jibu: Ndugu yangu una haki na naomba radhi. Tulipima wiki ya mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi haiendi, mwalo unapoa, taka zinapungua. Sasa hivi mwaloni tunapima mwezi mzima, giza na mbalamwezi. Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi kama hiyo unaiandika peke yake, usiichanganye na mingine.

Swali (dada wa Ujiji): Sisi ni akina mama tunazoa majumbani kwa guta, hatuna namba ya gari na hatufiki dampo, tunamwaga kwenye kizimba lori ndo linachukua. Tunaingiaje humo?

Jibu: Dada hili ni swali zito kuliko yote. Kizimba ndo kinapokata kamba, taka za mitaa minne zikishachanganyika pale lori litaandika "kizimba" na asili imepotea. Dawa yake ni guta nalo lisajiliwe, liandikwe namba ubavuni kwa rangi, lipewe kodi yake kama RUB-G1 (Rubuga, guta la kwanza), na pale kizimbani awepo mtu na daftari dogo anaandika guta gani limeleta ndoo au viroba vingapi. Lori likija kubeba kizimba, mzigo wake unaugawa kwa uwiano wa daftari dogo. Kama wiki hiyo nyie mlileta viroba 30 kati ya 100, asilimia 30 ya mzigo ni ya mitaa yenu. Tena itawasaidia kudai malipo yenu kwa ushahidi.

Swali (mkuu wa Tabora): Mkuu huku Tabora msimu wa maembe maganda na kokwa ni balaa, nyie wa dagaa mna mwezi, sisi tufanyeje?

Jibu: Hahaha Tabora na maembe. Anzisheni aina ya taka ya peke yake, "maembe", mpime ndoo zake kumi maana kokwa ni nzito, na msitoe wastani wa mwaka mpaka muwe na miezi 12. Kwa hesabu hiyo hata mtu anayetaka kutengeneza mboji atajua aende mtaa gani mwezi gani.

Swali (mzee wa Katubuka): Kijana, mkishajua mtaa wetu ndo unatoa nyingi si mtatupandishia ada?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Hofu yako ni ya haki. Ndo maana nimesema gawa kwa kaya, mtaa wenye kaya nyingi lazima utoe nyingi na hilo sio kosa lake. Pia hatuandiki jina la mtu wala nyumba, tunaishia kwenye kituo. Ada inapangwa kwenye vikao vya halmashauri, na ile karatasi ikiwa imebandikwa ofisi ya mtaa na nyie mtakuwa na namba za kwenda nazo kwenye mkutano, mkaulize mbona gari linakuja mara moja wakati mzigo ni wa mara tatu.

Swali: Taka za zahanati nazo tunaziandika?

Jibu: Hapana, sindano na vitu vya wagonjwa haviingii kwenye lori la mtaa kabisa, vinachomwa kwenye tanuri lake. Ukiona sindano kwenye mzigo andika kodi ya ruti na saa, usishike, mpigie bwana afya siku hiyohiyo.

Swali (mdau wa Buzebazeba): Na zile zinazotupwa korongoni usiku mvua ikinyesha? Hazipandi gari lolote.

Jibu: Izo hazimo kwenye hesabu ya dampo na usizijumlishe humo, zinaenda ziwani moja kwa moja. Zifungulie ukurasa wake nyuma ya daftari, kila korongo namba yake, na ulinganishe na ruti za masika, utakuta mengi yapo chini ya ile mitaa ambayo lori haliipandi kipindi cha mvua. Kwetu tunashuka kuyapima Jumapili hii saa 1 asubuhi, atakayekuja avae buti na glavu, ndoo ninazo.