Kabla ya Kukodisha Shamba kwa Mradi wa Umeme wa Upepo nchini Kenya

Mwekezaji wa umeme wa upepo anapobisha hodi kwa mara ya kwanza, kwa kawaida haombi shamba, bali huomba ruhusa ya kusimamisha mlingoti wa kupimia upepo kwa mwaka mmoja au zaidi. Ombi hilo linaonekana dogo, lakini karatasi inayoambatana nalo mara nyingi humzuia mwenye shamba kumkodishia au kumuuzia mtu mwingine muda huo wote. Usitie sahihi kabla kipindi hicho hakijawekewa tarehe ya mwisho na malipo ya kila mwaka yasiyorudishwa, hata mradi ukifa.

Wakati huohuo, nyoosha hati zako. Hatimiliki ikiwa bado ina jina la marehemu babu, kesi ya mirathi hutangulia. Shamba la familia linahitaji idhini ya mwenzi wako wa ndoa, na ardhi ya kilimo iliyo katika eneo linalodhibitiwa huhitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, inayoombwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano yafanywe. Bila idhini hiyo mkataba ni batili. Hatimaye mkataba husajiliwa pamoja na ramani ya sehemu inayokodishwa.

Sehemu hiyo ndiyo ya kubishania, kwa kuwa mtambo, barabara na nyaya huchukua kipande kidogo tu. Mradi wa Kipeto, Kajiado, ulioanza kuuza umeme mwaka 2021, una mitambo 60 kwenye ardhi iliyokodishwa kutoka kwa wenyeji, na mifugo bado inalishwa chini ya mapanga ya mitambo hiyo. Haki ya kulisha, kulima na kuchimba kisima iandikwe, isiachwe kwenye maneno ya mdomo.

Kuhusu malipo, kodi ya ekari peke yake haitoshi. Dai pia asilimia ya mapato ghafi ya umeme unaouzwa, yaani mapato kabla ya kutoa gharama, wala si ya faida, kwa sababu faida humezwa kirahisi na riba na ada za usimamizi. Kampuni nyingi huiuzia Kenya Power umeme kwa mkataba wa miaka 20 unaohesabiwa kwa dola au yuro; basi kuna sababu gani kodi yako ihesabiwe kwa shilingi ya mwaka uliotia sahihi? Mwulize mwekezaji vilevile ni nini atakachopata jirani asiye na mtambo lakini anayesikia mvumo wake, kwa kuwa wenyeji wasioridhika wanaweza kuua mradi. Mradi wa Kinangop, Nyandarua, wa megawati 60.8, ulisitishwa mwaka 2016 baada ya maandamano ya wenyeji na mizozo ya ardhi.

Tafuta wakili wako mwenyewe, na gharama yake ilipwe na mwekezaji bila wakili huyo kuwa mtu wake. Mwambie akague vifungu viwili hasa. Cha kwanza, mwekezaji anaweza kuweka rehani haki yake ya upangaji, lakini kamwe si hatimiliki yako. Cha pili, fedha za kung'oa mitambo ziwekwe benki mapema, kabla mradi haujazeeka, na mkataba utaje kina ambacho zege la msingi litaondolewa na ni nani atakayerudisha udongo juu yake.