Sakiti Breka Huzeeka: Namna ya Kuikagua na Wakati wa Kuibadilisha

Katika nyumba nyingi za mwambao, bodi ya umeme ilifungwa siku nyumba ilipoingiziwa umeme na tangu hapo haijafunguliwa tena. Breka zilizomo huhesabiwa kuwa nzima kwa sababu tu taa zinawaka. Hata hivyo, breka hununuliwa ili iukate umeme wakati wa hatari, na kuupitisha kila siku hakuthibitishi hata kidogo kwamba itaweza kuukata.

Breka ndogo ya nyumbani ina njia mbili za kujikata. Ya kwanza ni ubapa wa metali mbili zilizounganishwa, ambao hupinda polepole kwa joto la mzigo uliozidi. Ya pili ni koili inayogeuka sumaku na kufyatua mara moja shoti inapotokea. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60898, breka inayopitisha asilimia 45 zaidi ya ukubwa wake inatakiwa kujikata ndani ya saa moja. Kwa hiyo breka ya ampea 20 inayovumilia ampea 25 kwa muda mrefu haijaharibika, na ile inayojikata mapema kidogo ndani ya kabati lenye joto kali huenda nayo ni nzima, kwa kuwa vipimo hivyo huchukuliwa kwenye nyuzi joto 30.

Miaka peke yake haitoshi kupimia uzee wa breka. Kila inapokata mzigo, cheche huruka kati ya ncha zinazogusana na kuzila kidogo kidogo. Shoti moja kubwa inaweza kuziumiza kuliko miaka mingi ya matumizi ya kawaida, na ile namba 6000 iliyochapwa usoni ndani ya mstatili ni kiasi cha ampea ambacho breka imejaribiwa kukikata mara chache sana. Grisi ya ndani hukauka, na breka ambayo haijaguswa kwa miaka mingi inaweza kukwama. Yule anayeitumia kama swichi ya pampu naye huichosha, kwa sababu kiwango kilekile cha IEC huijaribu kwa kuiwasha na kuizima mara 4,000: ukifanya hivyo mara mbili kwa siku, unafika hapo kabla ya miaka sita. Pwani, hewa ya chumvi huongeza kutu kwenye skurubu na springi.

Lakini ubovu ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wote ni skurubu iliyolegea, kwa sababu hujificha na kumdanganya hata fundi. Waya hupata moto na kupoa kila siku, hutanuka na kunywea, na mkazo wake hupungua. Mahali palipolegea huzalisha joto, joto hilo huingia ndani ya breka na kuupinda ule ubapa, nayo hujikata ingawa mzigo haujazidi. Mwenye nyumba hununua breka mpya, fundi huifunga kwenye ncha ileile ya waya iliyoungua, na tatizo hurudi. Tazama kwa karibu: kava la waya lililokuwa jekundu hugeuka kahawia na kukakamaa karibu na skurubu, shaba hupoteza mng’ao, na plastiki iliyopata moto hutoa harufu inayofanana na shombo la samaki. Ukiisikia harufu hiyo karibu na bodi, zima swichi kuu na umwite fundi siku hiyohiyo.

Ukaguzi wa mwenye nyumba uishie nje ya mfuniko. Zima na kuwasha kila breka mara moja au mbili kwa mwaka, vifaa vikiwa vimezimwa. Inatakiwa itoe mlio mkavu na ibaki ilipowekwa. Kwa breka inayozuia umeme unaovuja, ambayo mafundi huiita RCD, bonyeza kitufe chenye herufi T kwa kufuata muda ulioandikwa na mtengenezaji. Isipojikata papo hapo, ibadilishwe bila kusubiri, kwa kuwa ile ya miliampea 30 ndiyo inayotegemewa kuokoa mtu aliyeshikwa na umeme.

Kufungua bodi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, yaani EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya. Swichi kuu ikizimwa, nyaya zinazotoka kwenye mita bado zina umeme, na nyumba yenye jenereta au inveta ya sola inaweza kuwa na umeme kutoka upande wa pili. Apime kwanza kwa kifaa anachokiamini, kisha ndipo aguse.

Badilisha breka isiyokaa ikiwashwa ingawa waya wake umeondolewa, iliyopasuka au kuungua, iliyoingiwa na maji, inayonguruma ikiwa na mzigo, iliyokata shoti kubwa, na ile ambayo ina joto kuliko jirani zake wenye mzigo sawa. Breka inayojikata mara kwa mara ipimwe mzigo wake kwanza. Hita ya bafuni ya wati 5,500 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 24, na hapo breka ya ampea 20 ikijikata ina haki.

Usikubali kamwe kuwekewa breka kubwa zaidi ili “isisumbue”. Breka hulinda waya, hivyo waya wa milimita mraba 1.5 wa taa ukifungiwa breka ya ampea 32 unaweza kuungua ndani ya ukuta huku breka imetulia. Mpya iwe na ampea zilezile, herufi ileile ya B au C (inayoonyesha umeme ukizidi kiasi gani ndipo ifyatuke mara moja), na uwezo wa kukata shoti usiopungua ule wa zamani. Iwe imekubaliwa na mtengenezaji wa bodi hiyo na inunuliwe kwa muuzaji anayetoa risiti, kwa kuwa breka bandia ziko sokoni na kwa sura zinafanana na halisi.

Ncha ya waya iliyoungua ikatwe hadi kwenye shaba inayong’aa, na skurubu ikazwe kwa nguvu aliyoelekeza mtengenezaji. Baada ya hapo washa mzigo wa kawaida kwa saa moja, fundi akiwa bado yupo, naye apime joto la kila kiungio kabla ya kufunga mfuniko na kuandika tarehe kwa ndani.