Una mwenye kifafa nyumbani? Haya yaweke sawa kabla hajaanguka

Kaka yangu ana kifafa tangu yuko darasa la tano na sasa hivi ni baba wa watoto wawili, kwahiyo haya sijayatoa kwenye semina. Soma mpaka mwisho ndo uulize.

Kwanza kabisa, saa. Mtu akianguka angalia saa, simu si unayo mkononi muda wote. Kule kukakamaa na kutetemeka mwili mzima mara nyingi kunaisha ndani ya dakika moja mpaka tatu, ila ukiwa umesimama pale utaapa ni nusu saa, na majirani wote watakuapia hivyohivyo, ndo maana nasema saa. Ikifika dakika tano bado anatetemeka hamna tena kusubiri, mpelekeni hospitali, maana ikishavuka hapo haikatiki kirahisi bila dawa, na ikizidi kwenda ubongo unaweza kuumia. Kama ndo mara yake ya kwanza, au ni mjamzito, au amejigonga kichwa, au kaangukia majini, hata hizo tano usizisubiri.

Usimtie kijiko mdomoni. Ulimi haumezwi, utamvunja meno bure. Usimkandamize. Sogeza meza na moto, mwekee kanga chini ya kichwa, legeza kola, ikitulia mlaze ubavu mate yatoke nje, na maji asipewe mpaka aongee vizuri mwenyewe. Mapovu hayaambukizi, jamani mshikeni mtu.

Pia sio wote wanaanguka. Kuna mtoto anaduwaa sekunde kadhaa katikati ya sentensi alafu anaendelea kama hakuna kitu, mara nyingi tu kwa siku, mwalimu anamchapa anasema hasikilizi. Kuna mwingine anatafunatafuna, anavutavuta vifungo vya shati, anatembea ovyo dakika moja mbili, huyo mwongoze taratibu mbali na barabara, usimng'ang'anie.

Dawa ni kila siku. Hata kama ana mwaka hajaanguka haachi bila daktari, kwasababu kuacha ghafla fenobabito na wenzake ndo kunaleta kule kuanguka kwa hatari. Na usisubiri kidonge cha mwisho ndo uende kliniki, dawa huwa zinaisha huko kliniki.

Sasa hapa kwenye dawa ndo tulipotolewa jasho. Tulikuwa msibani Kilosa, kaka kabeba vidonge vya siku za mazishi tu, matanga yakaendelea, na mtu mzima vile anaona aibu kuwaambia wajomba dawa zimeisha, akanyamaza. Juu ya hapo anakesha na wanaume nje, usingizi hapati, na kukosa usingizi peke yake kunatosha kumwangusha. Alfajiri akadondoka karibu na mafiga, bahati upande wa mchanga. Dakika mbili ikaisha. Wajomba wakasema ameshatulia mwacheni apumzike, wakamfunika shuka. Ni kweli baada ya kifafa mtu analala, anaamka kichwa kinauma, hajui yuko wapi, wengine wanakuwa wakali, na hali hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa au hata masaa. Lakini kaka namjua, ukimwita kwenye ule usingizi wake anageuka anakusonya. Safari hii namwita, namfinya sikio, kimya. Tunabishana pale ikaanza ya pili, nayo ikaisha kwenye dakika mbili, mjomba ananiambia si mlisema tano, hii hata tano haijafika! Hapana mjomba. Kama hajazinduka hapo katikati hesabu haianzi upya, ya pili ikija kabla fahamu hazijarudi ni dharura ileile kama ya dakika tano. Gari lililoleta waombolezaji lipo, dereva kalala nyumba nyingine hakuna mwenye namba yake, watu wanazunguka kugonga milango. Ya tatu ilimkuta ndani ya gari. Zahanati wakamchoma diazepamu ya mshipa ikakata, tukapelekwa mbele hospitali ya wilaya, mchana ndo anafumbua macho anauliza viatu vyake viko wapi.

Kwahiyo kabla ya safari: dawa za siku nyingi kuliko safari yenyewe, ugawe, nusu kwenye begi lake nusu kwako. Kikaratasi mfukoni chenye jina la dawa na kiasi anachomeza, pamoja na namba yako. Ukifika ugenini uliza mapema nani ana gari, dereva analala wapi, kituo gani kinafungua usiku. Mwambieni angalau mtu mmoja wa pale, aibu haisaidii kitu. Na muulize daktari wenu kama kuna dawa ya dharura ya kukaa nayo nyumbani, wengine wanapewa na ndugu wanafundishwa namna ya kuitumia. Akisahau dozi moja usimbebeshe mbili kwa kubahatisha, uliza.

Video ichukue, inamsaidia sana daktari kujua ni aina gani, ila iishie kwa daktari. Wa kuweka status ya WhatsApp mnajijua.

Mambo mengine mnayajua sema mnapuuzia. Choo asijifungie komeo. Jiko la mkaa liinuliwe, akipika kuwe na mtu, makovu ya moto niliyoyaona kliniki yanatosha. Bodaboda asiendeshe mpaka daktari aseme, miembe asipande, pombe aache. Dada anayetaka kubeba mimba asiache dawa, aende kliniki kabla, kwasababu kuna dawa kama valproeti inaweza kumdhuru mtoto na inabidi daktari apange upya. Mkitaka kumpeleka kwenye maombi mpelekeni, na vidonge viende naye. Na habari za kuoga mtoni peke yake, hata kama anaogelea vipi, hapana.