Ubuntu imewaka, kioo ni cheusi: jinsi ya kuirudisha bila kufomati

Mwanafunzi mmoja aliniletea kompyuta mpakato yenye kadi ya NVIDIA, wiki moja kabla ya kukabidhi tasnifu yake. Alikuwa amekubali masasisho ya Ubuntu, mfumo endeshi wa mashine yake, akaizima, na alipoiwasha tena nembo ilitokea kisha kioo kikawa cheusi tii. Fundi wa kwanza alikwishamwambia dawa ni kufomati. Ushauri ule ndio umenifanya niandike haya. Draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya grafiki, ikigoma, mafaili yako hayajaguswa. Yapo palepale kwenye diski.

Hatua ya 1: Ijue hali ya mashine

Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila ubonyezapo, kerneli, yaani kiini cha mfumo, iko hai. Kisha zima taa ya chumba na umulike kioo kwa tochi ya simu, ukiishika kwa upande. Ukiona madirisha au maandishi kwa mbali kama kivuli, picha ipo, kilichozimika ni mwanga wa nyuma ya kioo. Hapo jaribu kwanza vitufe vya kuongeza mwangaza.

Hatua ya 2: Ingia kwa maandishi

Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ukiulizwa jina, liandike, kisha nywila. Nywila haionekani unapoiandika, hata nukta hazitokei, kwa hiyo usidhani kibodi imekufa. Ukifanikiwa kuingia, ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 3: Pitia GRUB, menyu ya kuchagua namna ya kuwasha Ubuntu

Washa mashine upya, na nembo ya mtengenezaji ikitokea tu bonyeza Esc mara moja (kwenye mashine za BIOS ya zamani, shikilia Shift). Menyu ikija, ingia kwanza kwenye "Advanced options for Ubuntu" uchague kerneli ya zamani. Mara nyingi hiyo peke yake inarudisha picha, na tayari umejua kwamba tatizo limeletwa na kerneli mpya. Andika pembeni namba ya ile iliyogoma.

Ikikataa, rudi kwenye menyu, simama kwenye mstari wa Ubuntu, bonyeza `e`. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`. Mwishoni mwake futa `quiet splash`, weka `nomodeset`, kisha bonyeza Ctrl+X. Neno hilo linazizuia draiva za kerneli kupanga kioo zenyewe, hivyo mashine inatumia picha ya msingi iliyoandaliwa na UEFI, programu ya mtengenezaji inayoamsha mashine. Itakuwa nzito na maandishi makubwa, lakini utaona. Badiliko hili ni la kuwasha mara hiyo moja tu, halibaki.

Ukishaingia, nakili kazi zako kwenye flashi kabla ya kugusa chochote. Hili silipunguzi kwa mteja yeyote.

Hatua ya 4: Tafuta chanzo

Hapa ndipo watu wanapokimbilia kubandika amri walizookota. Tulia, uliza mashine yenyewe:

`lspci -k | grep -A 3 -E "VGA|3D"`
`dkms status`
`df -h /boot`
`mokutil --sb-state`

Ya kwanza inakutajia kadi na draiva zake. Ya pili, kama draiva yako hujengwa na DKMS (zana inayoijenga draiva upya kwa kila kerneli), inaonyesha imejengwa kwa kerneli zipi. Ukiikosa namba ya kerneli mpya, draiva haikujengwa, aghalabu kwa kukosa vichwa vya kerneli hiyo, yaani mafaili yanayohitajika kuijengea draiva. Ya tatu inakuonyesha kama `/boot`, mahali kerneli zinapokaa, imejaa, maana ikijaa sasisho huishia njiani. Ya nne inakwambia kama Secure Boot, ulinzi unaokataa draiva isiyo na sahihi inayotambulika, imewashwa.

Kisha jaribu `sudo modprobe nvidia`. Ukijibiwa "Key was rejected by service", draiva ipo ila sahihi yake (saini ya kidijitali) haitambuliki.

Hatua ya 5: Tibu kilichoonekana

Kama tatizo ni sahihi ya draiva, sajili ufunguo wake (MOK) kwenye mashine:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Weka nywila ya muda, washa upya. Itakuja skrini ya bluu inayosubiri sekunde 10 tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua "Enroll MOK", thibitisha, andika ile nywila. Ukichelewa, mashine inaendelea kuwaka bila ufunguo, na unaanza tena.

Kama draiva haikujengwa au imevurugika, pata intaneti (waya wa USB kutoka kwenye simu unafanya kazi vizuri), halafu:

`sudo apt install linux-headers-NAMBA-generic`
`sudo apt purge '^nvidia-.*'`
`sudo ubuntu-drivers install`

Badala ya NAMBA weka namba ya kerneli iliyogoma, ile uliyoiandika pembeni. Angalia pia umri wa kadi: GeForce za 400 na 500 zinaishia draiva ya 390, na za kizazi cha Kepler, yaani nyingi za 600 na 700, zinaishia 470. Kwenye mashine za mitumba kadi hizi bado ni nyingi. Kwa hizo mimi huishia kwenye purge na kuiacha nouveau, draiva huria iliyomo ndani ya kerneli. Kwa kuandika na kuvinjari inatosha.

Washa upya bila `nomodeset`, kisha andika `nvidia-smi`. Jedwali lenye jina la kadi likitokea, draiva imeshika.

Tatizo la yule mwanafunzi lilikuwa ni sahihi ya draiva. Skrini ya bluu ilikuwa imemtokea baada ya sasisho, akadhani ni hitilafu, akaiacha ikapita. Tuliiita tena, akabonyeza mwenyewe, na tasnifu yake ikafunguka ukurasa uleule aliouachia.