Kuisemea Kazi ya Sanaa Bila Kuiziba Mdomo

Msanii anaweza kukaa na kazi moja kwa miezi mingi, akaijua kila kovu lake, kisha akasimama mbele ya mtu anayemuuliza "ina maana gani?" na asipate la kusema. Hapo wengi hukimbilia mojawapo ya njia mbili. Wengine hujibu kwamba kila mtu aione apendavyo, jibu linaloonekana la kiungwana lakini linalomwacha mtazamaji mlangoni. Wengine hutoa sentensi nzito zilizojaa dhana, ambazo zingeweza kubandikwa kwenye kazi ya mtu mwingine yeyote na asitokee wa kugundua. Mwongozo huu ni wa mchoraji, mchongaji, mpiga picha na kila anayeunda kitu cha kutazamwa, anayetaka maneno yake yaisaidie kazi badala ya kuifunika.

Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja, nao ni kuichukulia kazi ya sanaa kama kitendawili. Kitendawili hutegwa, hakieleweki mpaka jibu litajwe, na likishatajwa hakuna tena cha kutafuta. Kazi ya sanaa iko karibu zaidi na methali. Maneno ya methali hayabadiliki, lakini uzito wake hutegemea nani ameitamka, mbele ya nani na baada ya tukio gani; na anayeieleza vizuri hutaja mazingira yanayoifanya iume, kisha humwachia msikilizaji maumivu yenyewe. Maneno ya msanii yana jukumu hilo hilo: kumpa mtazamaji yale ambayo jicho lake haliwezi kuyapata peke yake, na kunyamaza pale ambapo jicho linajitosheleza.

Anza na maamuzi uliyofanya

Kabla ya kuandika lolote kuhusu maana, andika ulichoamua. Kwa nini ukubwa huu? Kwa nini mbao na si chuma? Kwa nini sura hii imegeuziwa mgongo? Ni kitu gani ulikijaribu ukakiacha? Swali hili la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu msanii mara nyingi hawezi kusema anachokitafuta, lakini hujua mara moja alichokikataa na sababu ya kukikataa. Shuleni wengi tulizoezwa kutenganisha fani na maudhui ili tuweze kujibu mtihani. Mbele ya kazi ambayo haijakauka rangi, viwili hivyo havitenganiki, na anayeanza na maudhui peke yake huishia kusema mambo ambayo kazi yake haijayasema.

Mfano ulio wazi kuliko mifano yote ninayoijua ni ule wa ukuta wa kumbukumbu ya Vita vya Vietnam uliopo Washington, uliozinduliwa mwaka 1982. Mbunifu wake, Maya Lin, alikuwa mwanafunzi mwenye umri wa miaka 21 ubunifu wake ulipochaguliwa katika shindano mwaka 1981 miongoni mwa michoro 1,421 iliyowasilishwa. Aliamua majina ya waliokufa, ambayo sasa yanazidi 58,000, yasipangwe kwa alfabeti bali kwa tarehe ya kufa au kupotea. Uamuzi huo unaonekana kama jambo la ofisini, na wapo waliotaka alfabeti ili jina lipatikane kwa urahisi. Lakini kwa mpangilio wa tarehe, waliokufa siku moja hubaki wakiwa pamoja, na kwa kuwa orodha huanza katikati ya ukuta, ikaenda hadi mwisho wa upande mmoja, kisha ikaendelea kutoka ncha ya upande wa pili na kurudi katikati, mwaka 1959 inapoanzia hukutana na mwaka 1975 inapoishia, kwenye pembe ile ile. Vita vinajifunga kama duara. Granaiti nyeusi iliyosuguliwa humrudishia mtazamaji uso wake mwenyewe juu ya majina anayoyasoma. Hakuna sentensi yoyote ukutani inayosema kwamba walio hai na waliokufa wanatazamana, na haihitajiki.

Jambo linalosahaulika katika habari hiyo ni maneno. Michoro aliyoiwasilisha ilikuwa ya pasteli laini, yaani rangi za vijiti kama chaki, isiyofanana na michoro ya kawaida ya majengo, na waamuzi wangeweza kuipita. Pamoja nayo alituma maelezo yanayomtembeza msomaji ndani ya bustani, hatua kwa hatua, mpaka anaufikia ukuta unaojitokeza kama ufa katika ardhi. Baadaye mwenyewe alisimulia kwamba kuyaandika maelezo hayo kulimchukua muda mrefu kuliko kuubuni ukuta wenyewe. Ninapendekeza kila msanii aikumbuke habari hii anapotaka kuandika maelezo ya kazi yake usiku wa kuamkia maonyesho.

Gawanya kati ya jicho na neno

Ukishakuwa na orodha ya maamuzi, ipitie na ujiulize kwa kila kimoja: je, mtazamaji ataliona hili bila kuambiwa? Rangi ataiona, huzuni ya uso ataiona, msukosuko wa mistari utamfikia kabla hujafungua kinywa. Hayo yaache. Asili ya nyenzo, mahali, tarehe, uzito, idadi, namna kazi ilivyotengenezwa na amri uliyojiwekea mwenyewe ulipokuwa ukiitengeneza, hayo mara nyingi hayaonekani, na hapo ndipo neno lina kazi.

Zitazame kazi za El Anatsui, mchongaji aliyezaliwa Ghana na kufanya kazi kwa miaka mingi nchini Nigeria. Kwa mbali ni kama shuka kubwa la dhahabu linalomeremeta; ukisogea unakuta ni maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe vilivyobondwa, kukunjwa na kuunganishwa kwa waya wa shaba. Jicho linajitegemea mpaka hapo. Lisiloweza kuliona ni kwamba pombe ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotolewa ili kupata binadamu katika biashara ya utumwa ya Atlantiki. Sentensi moja inatosha kulitaja jambo hilo, na baada ya sentensi hiyo mng'aro ule ule hutazamwa kwa macho mengine. Sentensi ya pili inayomwambia mtazamaji kwamba basi anapaswa kuhuzunika ingeharibu yote.

Mgawanyo huo huo umo katika mchoro wa Picasso wa mwaka 1937 unaoitwa Guernica. Ndani yake hamna ndege ya kivita wala bomu. Mna fahali, farasi, taa, mama na mtoto aliyekufa, vyote vikiwa katika weusi, weupe na kijivu. Jina hilo, la mji wa Hispania uliopigwa mabomu mwezi Aprili mwaka huo huo ndilo linalotupa tukio. Hiyo ni taarifa ambayo jicho lisingeipata, na msanii aliitoa kwa neno moja. Fahali na farasi, kwa upande mwingine, hakutaka kuwafungia maana moja ya kudumu, na watu wameendelea kubishana juu yao hadi leo. Sidhani kwamba alikuwa akificha kitu. Alikuwa ameshatoa kilichohitajika.

Jina la kazi

Jina ndilo neno la kwanza, na kwa watazamaji wengi ndilo la mwisho pia, kwa hiyo usiliache mpaka fomu ya maonyesho ikulazimishe. Jina linalorudia kile kinachoonekana, kama vile kuiita picha ya mwanamke na mtungi "Mwanamke na Mtungi", halidhuru lakini limepoteza nafasi. Jina linalotaja hisia, kama "Upweke", hudhuru kidogo, kwa sababu humwambia mtu afike wapi kabla hajaanza safari. Majina yenye nguvu huongeza kitu ambacho hakimo kwenye picha: tarehe, mahali, jina la mtu, au hata ukinzani. René Magritte mwaka 1929 alichora kiko kwa uangalifu mkubwa na chini yake akaandika, kwa Kifaransa, kwamba hiki si kiko. Sentensi na picha kila kimoja ni chepesi kikiwa peke yake; maana imezaliwa katika ugomvi wao.

Tazama pia kazi ya Felix Gonzalez-Torres ya mwaka 1991, iliyo rundo la peremende zenye karatasi za rangi, ambazo mtazamaji anaruhusiwa kuchukua, na rundo huweza kujazwa tena. Uzito wake kamili ni karibu kilo 79. Rasmi kazi haina jina, lakini ndani ya mabano kuna maneno yanayosema kwamba ni picha ya mtu aitwaye Ross. Ross alikuwa mpenzi wa msanii, naye alikufa kwa UKIMWI mwaka huo huo; wengi wanausoma uzito ule kuwa ni uzito wa mwili wake alipokuwa mzima. Ukiondoa mabano hayo unabaki na peremende. Ukiyaweka, kila anayenyoosha mkono anajua kwamba anapunguza kitu. Ningetamani kila mwanafunzi wa sanaa aufikirie mfano huu kwa siku nzima, kwa sababu unaonyesha jinsi maneno machache yanavyoweza kuwa nyenzo, sawa na udongo au rangi, badala ya kuwa kibandiko.

Hata hivyo jina huongoza tu, haliamrishi. Mchoraji Whistler mwaka 1871 aliipa picha ya mama yake jina la kimuziki linalotaja mpangilio wa kijivu na nyeusi, akitaka watu watazame rangi na umbo badala ya kumwonea huruma ajuza. Ulimwengu uliendelea kuiita picha ya mama yake Whistler. Ukiona watazamaji wanaipa kazi yako jina jingine, usikasirike haraka. Sikiliza jina hilo, kwani linakuonyesha walichokiona kwanza.

Kuandika maelezo

Sasa unaweza kuandika. Maelezo ya kazi moja yakizidi maneno 200 huwa yanamchosha msomaji aliyesimama, hivyo chagua maamuzi mawili au matatu kutoka kwenye orodha yako na uyaache mengine. Anza na kitu kinachoshikika. Linganisha maelezo haya mawili niliyoyatunga kwa ajili ya mfano. La kwanza: "Kazi hii inachunguza dhana ya kumbukumbu na utambulisho katika muktadha wa ulimwengu unaobadilika." La pili: "Nilichora uso wa mama yangu mara kumi na mbili bila kutazama picha yake yoyote, na kila sehemu niliyoshindwa kuikumbuka niliiacha bila rangi." Katika la pili neno "dhana" halimo, wala "utambulisho", wala "uchunguzi", lakini msomaji atageuka mara moja kuitazama ile sehemu isiyo na rangi, na atajiuliza ni kitu gani yeye mwenyewe ameanza kukisahau katika uso wa mtu wake. Tofauti iko kwenye vitenzi. Kazi haichunguzi wala haihoji. Wewe ndiye uliyechora, ukakwangua, ukashona, ukaacha.

Barua za Vincent van Gogh, ambazo zaidi ya 800 zimehifadhiwa, ni shule nzuri ya jambo hili, ingawa hakuziandika kwa ajili ya maonyesho. Mwaka 1888 alichora mkahawa wa usiku, na akamweleza ndugu yake Theo kwamba alijaribu kuzidhihirisha tamaa kali za binadamu kwa rangi nyekundu na ya kijani. Wiki chache baadaye alichora chumba chake cha kulala na kueleza kwamba rangi zake bapa, zisizo na vivuli, zilikusudiwa kuleta wazo la mapumziko. Angalia anavyounganisha: nia moja, njia moja, bila mapambo. Anayesoma anaweza kwenda kwenye mchoro na kuamua kama msanii amefaulu. Maelezo yasiyoweza kupimwa kwa kuitazama kazi yenyewe yanafaa kufutwa, hata kama yameandikwa kwa lugha ya kupendeza.

Usome maandishi yako kwa sauti. Kila sentensi unayoona haya kumwambia rafiki ana kwa ana, ifute au uiandike upya.

Kuzungumza mbele ya watu

Mdomo una hatari zake, kwani ukimya wa watu hutufanya tuongeze maneno. Ukiulizwa maana ya kazi, unaweza kwa adabu kumuuliza muulizaji alichokiona kwanza, kisha ukamsikiliza mpaka amalize. Mara nyingi atataja jambo lililotokana na mojawapo ya maamuzi yako, na hapo utakuwa na la kumweleza: jinsi ulivyofikia uamuzi huo na ulichokuwa umekijaribu kabla yake. Akitaja jambo ambalo hukulikusudia, mwambie kwamba hukulikusudia, lakini usimwambie kwamba halipo. Na kama kazi imetokana na msiba au siri ambayo hujawa tayari kuitoa, una haki ya kusema kwamba hilo hutalizungumzia. Hadhira huheshimu mpaka uliotajwa wazi kuliko jibu la kuzungushazungusha.

Mwisho, wapo watakaoandika juu ya kazi yako bila wewe kuwapo: msimamizi wa maonyesho, mwandishi wa gazeti, mnunuzi. Watafupisha. Kwa sababu hiyo andaa mapema sentensi mbili zenye ile taarifa ambayo bila hiyo kazi hubadilika kuwa kitu kingine, yaani jina lililo ndani ya mabano, asili ya vifuniko, tarehe ya tukio, na uombe kwa maandishi kwamba hizo zisiondolewe. Ziandikie tarehe, uzihifadhi pamoja na vipimo na picha za kazi, na baada ya miaka michache uzirudie uone kama bado unakubaliana nazo.