Kompyuta ya kufunga kwenye gari: anza na umeme
Wengi wanakimbilia prosesa (ubongo wa kompyuta), ila kwenye lori au forklifti kinachosumbua sana ni umeme, maana ukipiga stata volti zinashuka ghafla na kompyuta inazima, kwa hiyo tafuta inayopokea volti 9 hadi 36, hapo gari la volti 12 na la 24 yote yamo, na iwe inasoma swichi ya gari ili ukizima injini nayo ijizime taratibu isimalize betri usiku. Yenye feni achana nayo, inavuta vumbi. Diski iwe SSD, yaani isiyo na sehemu zinazozunguka ndani. Angalia na namba ya IP, kipimo cha kuzuia vumbi na maji: IP65 inazuia vumbi na maji yanayorushwa kwa mpira wa bomba, IP67 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Ukiona MIL-STD-810 (kiwango cha jeshi la Marekani cha kupima uimara wa vifaa) uliza ni majaribio gani hasa yamefanyika, omba na ripoti yake.