Kufunga skatingi, bidi na konishi Unguja na Pemba: namna ya kuzuia kona zisifunguke

Kona ya urembo wa mbao ikifunguka, lawama humwendea aliyekata. Mara nyingi huyo hana kosa. Pembe ilikaa sawasawa siku ilipofungwa, kilichobadilika ni unyevu uliomo ndani ya ubao wenyewe.

Hewa ya visiwa vyetu huwa na unyevu wa asilimia 80 hivi kwa muda mwingi wa mwaka. Ubao uliokaa kwenye hewa hiyo hutulia ukiwa na maji ya asilimia 15 au 16 ya uzito wake mkavu. Uingize kwenye chumba chenye kiyoyozi, ambako hewa ni ya asilimia 50, utaendelea kukauka polepole mpaka ufike kwenye 9. Urefu wake hautabadilika kwa kiasi cha kuonekana. Upana ndio unaopungua. Skatingi ya msindano yenye upana wa milimita 100 inaweza kupoteza karibu milimita 2 kwa safari hiyo. Ndiyo maana chumba cha mgeni pale Nungwi au Paje, kiyoyozi kikiwaka mgeni akiwapo na kuzimwa akiondoka, huharibu urembo wa mbao haraka kuliko nyumba ya kawaida yenye madirisha wazi: ubao wa humo haupati kutulia.

Kwa hiyo mwongozo huu una jambo moja tu ndani yake. Ubao uzoee chumba kabla haujafungwa, na ukishafungwa uachiwe pa kutembea, yaani nafasi ya kuvimba na kusinyaa.

Tukubaliane majina kwanza. Skatingi ni ubao unaokwenda chini ya ukuta. Konishi ni wa juu, ukuta unapokutana na dari. Bidi hapa ni ule ubao mwembamba unaofunika mwanya kati ya fremu ya mlango na plasta.

Hatua ya 1: Kagua ukuta kabla ya kununua mbao

Plasta mbichi ni adui. Plasta ya saruji ipe wiki kadhaa, na ya chokaa ipe zaidi, kwani chokaa hukauka na kukomaa taratibu. Kupima ni rahisi: kata kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa nusu mita kwa nusu mita, kigandishe ukutani kwa utepe pande zote nne usiache tundu, kisha kiache usiku na mchana mzima. Ukikuta matone upande wa ndani, au ukuta umekuwa mweusi chini ya nailoni, ahirisha kazi.

Kwenye nyumba za mawe na chokaa, za Mji Mkongwe na kwengineko, angalia pia chumvi. Unga mweupe ukiota chini ya ukuta maana yake maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Watu wengi huficha ugonjwa huo kwa plasta ya saruji, nayo huyafungia maji ndani ya mawe na kuyapandisha juu zaidi. Usiufunike kwa skatingi. Ukuta urudishiwe plasta ya chokaa upumue, ndipo mbao zifuate. Na ikiwa nyumba imo ndani ya eneo la hifadhi, zungumza na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla hujagusa fremu ya zamani au mlango wa nakshi.

Hatua ya 2: Chagua mbao

Mninga ukipatikana, chukua mninga. Ni mti unaotembea kidogo sana, unakubali randa, na mchwa hawaupendi. Mkongo, ambao wengine huuita mbambakofi, nao umetulia lakini ni mgumu: toboa kwanza kila skrubu. Msaji ni mzuri sana na bei yake inajulikana. Mvule hufaa, ila ndani yake hutokea vijiwe vyeupe vinavyoua makali ya randa, basi pitisha jicho kwanza. Msindano kutoka Iringa ndio rahisi na ndio unaojaa madukani. Unafaa kwa kazi ya kupakwa rangi ukitiwa dawa ya wadudu na ukikaushwa vizuri.

Mbao za MDF, zile za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, sizipendekezi kwa skatingi huku kwetu. Nyumba zetu hupigwa deki kwa maji mengi, mara nyingine asubuhi na jioni, na MDF ikinywa maji kwa chini huvimba na hairudi tena.

Unaponunua tazama mwisho wa ubao, zile pete za ukuaji. Pete zilizosimama wima kwenye unene wa ubao ni dalili njema, ubao huo utapungua upana kiasi cha nusu ya ule ambao pete zake zimelala. Zilizolala zimo nyingi zaidi sokoni na hutumika, lakini zifunge upande wa moyo wa mti ukitazama chumbani. Ubao wa namna hiyo ukikauka hujikunja kuelekea upande wa gome. Gome likiwa ukutani, kingo za juu na chini zitaukaza ukuta badala ya kuuacha.

Hatua ya 3: Zoesha mbao

Hii ndiyo hatua wanayoiruka mafundi wengi, na ndiyo ninayoililia. Mteja ana haraka, gari imeleta mbao asubuhi, jioni anataka kuona zimefungwa. Mwambie hapana.

Panga mbao ndani ya chumba chenyewe, si uani wala barazani. Ziinue kutoka sakafuni, na katikati ya kila safu weka vijiti vya unene mmoja vilivyopangana wima, kila nusu mita, ili hewa ipite juu na chini. Kisha chumba kiishi kama kitakavyoishi: ikiwa kitakuwa na kiyoyozi, kiyoyozi kiwashwe tangu siku hiyo. Kuzoesha mbao kwenye chumba kilichozimwa halafu kuwasha baada ya kufunga ni kazi bure. Madirisha yakiwa ya kufunguliwa, yafungue.

Muda gani? Wiki mbili ni kiasi kizuri kwa ubao mwembamba, lakini usitegemee kalenda pekee. Mwenye kipima unyevu apime. Asiyekuwa nacho achukue mizani ya jikoni ya kidijitali. Kata kipande cha urefu wa shubiri moja, kisiwe cha kutoka mwisho kabisa wa ubao kwa sababu mwisho hukauka kwanza. Kipime, andika gramu juu yake kwa penseli pamoja na tarehe, kirudishe juu ya rundo. Pima tena baada ya siku mbili, uandike chini ya ile ya mwanzo. Namba zitashuka, 412, 405, 401, mpaka zitakapokuwa zinajirudia. Zikijirudia mara tatu, ubao umefika. Huna haja ya kujua asilimia. Unachotaka kujua ni kwamba ubao na chumba vimepatana.

Hatua ya 4: Paka pande zote kabla ya kufunga

Uso, mgongo, kingo na ncha. Kama ni rangi, praima koti mbili. Kama ni vanishi, koti mbili vilevile. Ubao uliopakwa uso tu huvuta unyevu kwa mgongo kutoka ukutani, mgongo unavimba, na kingo zinauacha ukuta. Ncha ndizo zinazokunywa maji kwa kasi kuliko sehemu yoyote, kwa hivyo kila unapokata papo hapo, paka tena ncha mpya kabla ya kuifunga. Weka kikopo na brashi karibu na msumeno.

Hatua ya 5: Skatingi

Anza na ukuta mrefu zaidi. Kuta za zamani hazijanyooka na sakafu zake zina mawimbi, basi simamisha ubao mahali pake ukiegemea ukuta, upime kwa pima maji, kisha chukua kijiti chenye unene wa mwanya mkubwa zaidi. Kiburute sakafuni huku penseli imelala juu yake, mstari utachorwa kwenye ubao ukifuata kila bonde la sakafu. Randa mpaka kwenye mstari.

Usiufikishe ubao sakafuni kabisa. Acha milimita 3. Vipande vya kadibodi ngumu chini vitakusaidia kushika kipimo, halafu utavitoa. Kwenye sakafu ya vigae mwanya huo utajazwa silikoni mwishoni. Kwenye sakafu ya chokaa uache wazi.

Misumari haishiki kwenye plasta ya chokaa, na nyundo huitikisa ikamomonyoka. Tumia keekee bila ya kugongesha. Ukuta wa tofali za saruji unakubali plagi za plastiki. Ukuta wa matumbawe una matundu ndani, plagi ya plastiki huzunguka tu. Humo toboa, safisha vumbi, kisha gongea polepole kipande cha mbao ngumu kilichochongwa mviringo na kupakwa gundi, na skrubu iingie humo. Skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Hewa ya bahari hula skrubu za kawaida, na kutu yake hutoa madoa meusi kwenye mninga na msaji.

Umbali wa sentimita 60 kati ya skrubu unatosha. Ubao wa chini ya milimita 120 upewe mstari mmoja wa skrubu. Ubao mpana zaidi ya hapo, kaza kwa chini, na matundu ya juu yafanye marefu kidogo kwa wima ili ubao uweze kupanda na kushuka. Ukikaza juu na chini kwa nguvu sawa, utapasuka katikati kufuata nyuzi zake.

Kona za ndani usizikate kwa pembe ya digrii 45. Ubao wa kwanza uende moja kwa moja mpaka ukutani. Wa pili kata mwisho wake ufuate umbo la uso wa ule wa kwanza, kwa msumeno mwembamba wa kukatia mapindo, ukimalizia na tupa. Kona hiyo hata chumba kikiwa si mraba, na hapa vingi si mraba, itabaki imefunga. Kona za nje hazina njia ila 45, nazo zitiwe gundi ya kustahimili maji.

Hatua ya 6: Bidi za milango

Tazama mlango wowote wa zamani wa Unguja. Mfaa, ule mhimili wa katikati, umefungwa kwenye ubawa mmoja tu, na kazi yake ni kuufunika mwanya wa ubawa wa pili. Mabawa yakivimba wakati wa masika au yakisinyaa, mwanya unabadilika na wewe huoni kitu. Bidi zifunge kwa akili hiyo: ishike fremu, iufunike ukuta. Misumari myembamba iingie kwenye fremu, na upande wa ukutani ukae bila kukazwa. Iache nyuma ya ukingo wa fremu kwa milimita 5, ili jicho lisione tofauti ndogo.

Kwenye kona za juu, ushauri wangu ni kutoikata kwa 45. Kona ya namna hiyo husema wazi kilichompata ubao: ikifunguka upande wa ndani, karibu na mlango, ubao umekauka, ikifunguka upande wa nje, umevimba. Badala yake lalisha kichwa juu ya miguu miwili. Kichwa kiwe kinene kuliko miguu kwa milimita 3, kitokeze milimita 10 kila upande. Ubao ukitembea, kivuli cha kichwa kitaficha.

Hatua ya 7: Konishi

Ikaze kwenye ukuta, isikazwe kwenye dari. Dari ya jipsamu au ya mbao hutembea pamoja na paa, na konishi iliyokamatwa na viwili itapasuka. Chumba cha boriti za mikoko hakihitaji konishi yenye umbo. Ubao mnyoofu chini ya boriti unatosha na unapendeza zaidi.

Kwa wanaopeleka kazi Oman

Maskati ni pwani na ina unyevu wake. Ila ukienda bara, Nizwa kwa mfano, hewa ya kiangazi hukauka mno, na kwenye hewa ya asilimia 25 ubao hutulia kwenye asilimia 5 tu. Ile skatingi ya milimita 100 iliyochongwa hapa itapungua karibu milimita 3 huko. Usipeleke kazi iliyokwisha. Peleka mbao zilizokaushwa kwenye tanuri mpaka asilimia 6 hadi 8, zilizofungwa nailoni isiyopitisha hewa, zikiwa pana kuliko kipimo. Zizoee nyumba ya huko ndipo zirandwe na kukatwa. Paneli za milango zipakwe rangi kabla ya kuingizwa kwenye fremu zake, vinginevyo zikisinyaa mstari wa mbao tupu utaonekana pembeni.

Hatua ya 8: Kujaza na kumalizia

Vichwa vya skrubu vijazwe kwa vizibo vya mti uleule, nyuzi zikielekea upande mmoja na za ubao. Mstari kati ya ubao na ukuta ujazwe akriliki inayonyumbuka, isiwe puti ngumu, kwa sababu puti itakatika mara ya kwanza ubao utakapotembea. Usijaze siku ya kufunga. Ngoja wiki tatu au nne chumba kikiwa kinatumika, kisha jaza na upake koti la mwisho. Mwambie mteja utarudi mara moja baada ya masika kupita, mwezi wa sita hivi, uangalie kona na skrubu za juu, na gharama ya kurudi huko iandike kwenye bei tangu mwanzo.